Mpira wa Boti Usingoje Fundi wa Mbali



Tumezoea kuambiwa kwamba kubadilisha sili na mipira ya mguu wa boti ni kazi ya mtaalamu wa kuagizwa, na kwamba fundi wa karakana yetu asiiguse. Sisi hatukubali. Ni kazi ya siku moja au mbili kwa watu wawili wenye spana nzuri, kitabu cha mtengenezaji na vipuri vipya. Wala hatukubali ile desturi ya pili, ya msimamizi kusema "jifanyieni wenyewe" ili tu asilipe ujira wa fundi.

Tueleze kwanza chombo chenyewe. Boti nyingi za Ziwa Victoria hutumia injini ya kufunga nje. Hizi tunazozisema injini yake imo ndani, kwenye tezi, na mguu wenye gia na propela uko nje. Mtambo wa namna hii Volvo Penta ya Uswidi ilianza kuuuza mwaka 1959. Ili mguu uweze kugeuka na kuinuka, shafti ya kutoka kwenye injini ina viungo vya kupinda, nayo hupita katika tundu lililotobolewa tezini, chini ya usawa wa maji. Kinachozuia ziwa lisiingie ni mpira mmoja wa mikunjo, mfano wa mvukuto wa mhunzi.

Mpira wa namna hiyo mafundi wa magari wanaujua, wao huuita buti. Ila buti ya gari ikipasuka, hasara ni grisi kumwagika na kiungo kuharibika. Huu wa boti ukipasuka, maji huila beringi kwanza, kisha huingia ndani, na boti yaweza kuzama usiku ikiwa imefungwa gatini bila mtu. Kwa mfanyakazi wa kisiwani, kama wenzetu wa michikichi huko Kalangala, boti ndiyo barabara. Ndiyo maana hatuoni kwa nini mpira uachwe miezi na nyufa zake, eti fundi wa mbali hajafika.

Sili nazo si ngeni kwenu. Kila anayehudumia pampu ya kumwagilia miwa amekwisha kubadilisha sili. Katika mguu wa boti huzuia oili ya gia isitoke na maji yasiingie. Fungua nati ya chini ya oili: yakitangulia maji, au oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, ujue maji yamekwisha kuingia. Ziwani mwetu mharibifu mkubwa ni uzi wa nyavu. Hujizungusha kwenye shafti nyuma ya propela, ukaikata sili kimya kimya. Kuivua propela na kutazama ni kazi ya dakika chache.

Boti ikishapandishwa juu na kutegemezwa vizuri, mguu hushushwa kwa winchi au na watu wawili, kwa maana uzito wake waweza kupita kilo 40 na vidole havioti tena. Zungusha beringi kwa mkono. Ikikwaruza kama yenye mchanga, badilisha papo hapo, usiifunike kwa mpira mpya. Mahali mpira unapokaa pasafishwe mpaka chuma kionekane. Gundi watengenezaji wengine huiagiza na wengine huikataza, basi fuata kitabu. Klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Sili isigongwe kwa nyundo. Isukumwe kwa bomba lenye upana wake, mdomo wake umepakwa oili, na ukitazama upande uliokusudiwa. Mara nyingi huwa mbili zilizopeana mgongo, moja ya oili na moja ya maji, na hapo ndipo wengi hukosea. Kama sili ya zamani imechimba mfereji kwenye shafti, sili mpya haitafaa kitu. Kabla ya kujaza oili, mguu ujaribiwe kwa upepo mdogo wa pampu yenye geji, na maji ya sabuni yaonyeshe panapovuja. Kisha oili ijazwe kutoka chini mpaka itokee tundu la juu, hewa yote itoke.

Haya yote fundi wetu anayaweza. Tunachodai ni kwamba kitabu kiwe karakanani, si kabatini kwa meneja. Vipuri vinunuliwe kabla mpira haujapasuka. Na siku hizo zilipwe kwa daraja la fundi, hata kama mtu ameandikwa kibarua. Pawe na daftari lenye tarehe ya kila mpira. Na fundi akisema mpira umekwisha, boti isitoke, wala asiadhibiwe kwa neno hilo. Viongozi wa matawi waliingize jambo hili katika mazungumzo ya mkataba.

Mguu usiachwe umeinuliwa juani boti inapolala, maana mpira huvutika na kukauka. Na siku boti inaporudishwa majini, mtu akae ndani na tochi nusu saa, atazame chini ya injini, kabla abiria yeyote hajapanda.