Toa kile kitabu chini ya kitanda

Nikuulize swali moja na usinidanganye. Nakala yako ya Tumbo Lisiloshiba iko wapi? Kama ulifanya KCSE kati ya 2018 na 2022, basi ulikuwa nayo. Yangu niliiuza kwa jamaa wa vitabu kuukuu mjini Eldoret mwaka wa 2019, wiki moja baada ya karatasi ya mwisho. Akanipa hela ya chapati mbili na ndengu. Niliondoka nikijiona mjanja.

Mwaka jana nikanunua nyingine, kuukuu pia. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameijaza kalamu pembeni: jazanda, kinaya, alama mbili. Maskini, hakuna mahali ameandika kwamba alicheka.

Hapo ndipo pananiuma. Hadithi fupi tumeifanya dawa ya mtihani: unameza, unaitapika kwenye karatasi, basi. Na wengine wetu hata hatukumeza, tulisoma mwongozo tu, tukajua nani alimwacha nani bila kujua kwa nini iliuma.

Chukua Mapenzi ya Kifaurongo ya Kenna Wasike. Darasani tuliambiwa ni utabaka. Sawa. Lakini Dennis ni mwanafunzi wa chuo kikuu asiye na kitu, anapika uji usio na sukari, na Penina, binti wa wenye nazo, anampenda. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa. Ule uji naujua. Najua kujifanya umeshiba mwenzako akibisha mlango. Nikiwa kidato cha nne nilimwona Dennis kama fala tu. Safari hii nilifunga kitabu nikatoka nje ya ploti, hapa Kimumu, nikasimama nikitazama watu wakiteka maji. Kwa sababu Dennis alimaliza chuo, na kazi bado hakupata. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba ningemaliza tu, mambo yangekuwa poa. Kurasa chache zikaninyang'anya huo uongo, na sijui kama nishukuru.

Ama Mtihani wa Maisha ya Eunice Kimaliro, ambapo Samueli anafeli mtihani na kuona heri afe. Matokeo yakitoka, mtaani kwetu kuna nyumba za vigelegele na kuna nyumba zinazonyamaza siku nzima. Ningetaka hadithi hiyo isomwe katika zile zinazonyamaza, bila mtu kuuliza mbinu za lugha.

Sisemi zote ni kali. Nyingine zinahubiri mno, mwandishi amekushika sikio kabisa. Ruka, endelea na nyingine. Huo ndio uhuru ambao shule haikukupa.

Utaniambia vitabu ni ghali. Kweli, mwenye kulipia bedsita Kimumu hawezi kununua riwaya kila mwezi. Lakini bando unayo, si ndiyo unayoitumia kunisoma? Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika imechukuliwa na Wakenya watano: Binyavanga Wainaina 2002, Yvonne Owuor 2003, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018 na Idza Luhumyo 2022. Nyingi za hadithi zinazoteuliwa huwekwa mtandaoni bure. Anza na Fanta Blackcurrant ya Makena. Ni wasichana wa mitaani Nairobi wakimsimulia mwenzao, Meri, kwa Kiingereza kilichovunjwa kimtaa hadi unakisikia masikioni. Halafu Five Years Next Sunday ya Idza, kuhusu Pili, ambaye nywele zake zina uwezo wa kuleta mvua, na kila mtu, hata jamaa zake, anazipigia hesabu. Ukiimaliza utawatazama upya watu wanaokupenda siku ukiwa na kitu.

Sasa, umegundua kitu? Hizo zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Diwani za Kiswahili tunazozijua, kuanzia Damu Nyeusi waliyoihariri Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed, hadi Mapambazuko ya Machweo ya sasa, tumezijua kwa sababu zilikuwa vitabu teule. Mwandishi anayejua kwamba soko lake ni watoto wa shule ataogopa mambo mengi. Nani atamwandika Meri kwa Kiswahili, na matusi yake yote? Dada zetu wa Tanzania hawajalala: riwaya ya Gurnah, Paradise, Ida Hadjivayanis aliitafsiri ikawa Peponi, ikatoka 2022. Sisi huku tunangoja silabasi ituambie cha kusoma. Na mchapishaji akituuliza mbona hatununui, tutamwambia nini, ikiwa tunauza hata vile vya lazima kwa bei ya ndengu?

Nakala yangu haiko kwangu kwa sasa. Nilimwazima jirani, fundi wa nduthi, mtu wa mpira sana, nikamwambia asome Nizikeni Papa Hapa ya Walibora, ambaye tulimpoteza Aprili 2020 baada ya kugongwa na matatu Nairobi. Ni ya Otii, mchezaji mpira. Wiki ya tatu hii, kitabu hajarudisha. Juzi nilimpata amekikalia kando ya injini iliyofunguliwa, mafuta kwenye jalada, akinilalamikia kwamba Otii hakusikiliza ushauri. Nilimwambia akae nacho.