Wanafunzi wa Kiswahili Wafikishwe Nyanda za Juu

Kila mwaka visiwa vyetu hupokea vijana wa nchi za nje wanaokuja kujifunza Kiswahili. Jambo hili halikuanza jana. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, iliishika kazi hiyo mjini Unguja mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo inaendelezwa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tunayo haki ya kuona fahari, kwani lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Na tangu UNESCO ilipoitangaza, Novemba 2021, tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, macho ya walimwengu yamezidi kutuelekea.

Lakini fahari peke yake haimfundishi mgeni. Tunawauliza wananchi na viongozi wanaohusika: vijana hawa wakitoka darasani hupelekwa wapi? Hupelekwa kwenye mashamba ya viungo, Changuu kutazama kobe, Jozani kutazama kima punju, kisha pwani kuogelea. Matembezi hayo ni mema wala hatuyabezi. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi mwongozaji huwasemesha Kiingereza tangu gari linapoondoka mpaka linaporudi. Kijana aliyevuka bahari kutafuta Kiswahili hurejea kwao na picha nyingi na maneno machache, akiamini kwamba sisi huamkiana kwa "jambo" tu.

Wenzetu Wahispania wametambua zamani kwamba lugha haiuzwi kwa kitabu peke yake. Mgeni anayekwenda kusoma katika mji kama Salamanca, wenye chuo kikuu tangu mwaka 1218, husoma darasani kisha akatembezwa katika majumba ya kale, masoko na miji ya jirani, na matembezi hayo huhesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Tangu mwaka 1991 nchi hiyo inayo Taasisi ya Cervantes ya kuieneza lugha yao duniani. Sisi tumebaki kuyafanya matembezi kuwa biashara ya kando.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila kozi ya Kiswahili kwa wageni inayozidi mwezi mmoja itenge siku zisizopungua kumi za kuishi Iringa na Mbeya. Tunaitaja mikoa hiyo kwa makusudi. Huku visiwani mgeni hukisikia Kiswahili kikiwa lugha ya mama. Huko Nyanda za Juu atakiona kikiwa lugha ya umoja. Mhehe anayeamkia "kamwene" nyumbani kwake na Mnyakyusa anayeamkia "ugonile" hukutana sokoni Mwanjelwa wakapatana bei kwa Kiswahili, na muuzaji aliyeuleta mchele wa Kyela, huo huo tunaoupika sisi siku za sikukuu, hatamgeuzia mgeni Kiingereza. Atamlazimisha aseme, na akikosea atamcheka kidogo na kumsahihisha. Hapo ndipo lugha hujifunzwa.

Na hazina ya kusimulia imejaa. Huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Zelewski. Ngome ya Kalenga ilitekwa Oktoba 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana mpaka Julai 1898, alipojiua kuliko kushikwa mateka. Kichwa chake kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulidai kirudishwe, nacho hakikurudi mpaka Juni 1954, majuma machache kabla ya kuzaliwa TANU, chama kilichoikusanya nchi kwa Kiswahili. Fuvu hilo limehifadhiwa Kalenga. Mgeni aingie humo kwa adabu na asimuliwe habari hiyo kwa Kiswahili. Hatausahau msamiati wake maisha.

Ziko pia zana za mawe za watu wa kale huko Isimila, karibu na mji wa Iringa, na Boma la Wajerumani lililofanywa makumbusho mwaka 2016. Njiani kuelekea Tunduma kipo Kimondo cha Mbozi, ambacho tangu mwaka huo kimo katika Mkoa mpya wa Songwe. Yako maua ya Kitulo na Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira. Wakati wa mapumziko, mwanafunzi akae na akina mama wanaosuka vikapu vya milulu, acheze bao na wazee, na Jumamosi aende uwanja wa Sokoine kusikia watazamaji wakibishana juu ya Tukuyu Stars, timu iliyopanda daraja na papo hapo ikatwaa ubingwa wa mwaka 1986. Mabishano ya mpira ni darasa lisilo na ada.

Wako watakaosema kwamba tunawafukuza wageni na fedha zao visiwani. Hatukubaliani nao. Mwanafunzi aliyefanyiwa mpango mzuri hukaa muda mrefu zaidi, naye hurudi Unguja kumalizia masomo. Aidha, Kiswahili hakikukuzwa na visiwa peke yake. Waliokipokea bara wakakifanya lugha ya shule, mahakama na mikutano wana haki ya kufaidika nacho.

Wahusika wanapaswa kuchukua hatua nne. Vyuo vya visiwani na vya Nyanda za Juu vikubaliane juu ya ratiba na ada. Waongozaji wafundishwe, na wawatembezapo wanafunzi wa lugha watumie Kiswahili tu. Familia zitakazowalaza wageni zilipwe moja kwa moja, pasiwe na dalali wa kati. Nao wageni waelezwe mapema habari za mavazi, maamkizi na ruhusa ya kupiga picha. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi na apewe la kufanya nyumbani, si kukirimiwa tu.

Liko jambo moja zaidi, nalo ndilo zito. Vijana wetu wengi wa Unguja na Pemba hawajapata kuiona Iringa wala Mbeya. Itakuwa aibu mgeni wa ng'ambo ayajue makaburi ya mashujaa wetu kuliko mtoto wa Makunduchi au wa Wete. Kila kundi la wageni litakalosafiri lifuatane na wanafunzi wa visiwani kwa idadi iliyo sawa, na nauli yao itolewe katika ada wanayolipa wageni. Viongozi wanaoandaa bajeti za vyuo tunawaomba waanze na hilo.