Matibabu ya Bure Yana Bei Yake

Wako watu wanaotuambia kila siku: Serikali itwae hospitali zote, waganga wote wawe watumishi wake, na kila mgonjwa atibiwe bure. Neno hili ni tamu. Basi tuitazame nchi iliyolijaribu.

Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilifanya hivyo. Waziri Aneurin Bevan alitwaa hospitali zaidi ya 1,000 zilizojengwa kwa sadaka na michango ya watu, pamoja na zile za miji. Je, kabla ya siku ile watu walikuwa wamekaa tu wakingoja kufa? Hata kidogo. Mjini Sheffield wafanyakazi walikuwa wakitoa peni moja katika kila paundi ya mshahara, wapate kulazwa wakiugua. Vyama vya kusaidiana viliajiri mganga wao wenyewe, na akizembea walimwondoa. Twakubali, pengo lilikuwako: sheria ya bima ya mwaka 1911 ilimtibu mfanyakazi, ikawaacha mkewe na watoto wake. Lakini paa likivuja tunaliziba. Hatumnyang'anyi mwenye nyumba nyumba yake.

Na hiyo bure yenyewe haikudumu hata miaka minne. Mwaka 1951 Serikali iliamua kutoza watu malipo ya miwani na meno ya bandia, Bevan akajiuzulu kwa hasira. Mwaka 1952 ikaja shilingi moja kwa kila karatasi ya dawa.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kungoja. Kitu kisicho na bei kila mtu hukitaka, na mfuko wa Serikali una mwisho. Basi bei ikifukuzwa mlangoni, foleni inakaa mahali pake. Katika England wameweka shabaha kwamba wagonjwa 92 katika 100 waanze kutibiwa kabla ya majuma 18. Baada ya Februari 2016 shabaha hiyo ikawashinda mwaka baada ya mwaka, na Septemba 2023 matibabu yaliyokuwa yakingojewa yalifika karibu milioni 7.7.

Nani anayengoja? Si tajiri. Yeye huenda kwa mganga wa binafsi, hulipa, hupona. Maskini, aliyekwisha kutoa kodi yake, ndiye anayebaki kwenye foleni na goti lake linalouma. Nazo fedha za hospitali hazitoki mkononi mwa mgonjwa. Hawa wanaojiita watetezi wa wanyonge, mbona hapo wananyamaza?

Ubelgiji walishika njia nyingine. Sheria inamlazimisha kila mtu awe na bima, na wengi wako katika vyama vya kusaidiana. Lakini mgonjwa huchagua mwenyewe mganga na hospitali, na sehemu kubwa ya hospitali hizo si mali ya Serikali. Asipotunzwa vema, huenda kwingine na malipo yake humfuata. Serikali ikitaka kumsaidia maskini, imlipie mchango wake katika chama. Funguo za hospitali iwaachie wenyewe walioijenga.