Mcheza Kwao Hutunzwa. Na Mwalimu Wake Je?

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Katika kandanda ya nchi yetu methali hiyo imetimia nusu tu. Mfungaji wa bao hutunzwa: huimbwa, hubebwa mabegani, na picha yake hubandikwa katika vibanda vya vinyozi kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala. Lakini mwalimu aliyemfundisha kuutuliza mpira ule kabla ya kuupiga hutajwa zaidi siku timu inapofungwa, na mara nyingi hutajwa kwa ajili ya kufukuzwa.

Leo tunataka kulisema jambo hili waziwazi mbele ya wananchi wa pande zote mbili za Muungano, na mbele ya viongozi wenye mamlaka ya kulirekebisha. Taifa halina budi kuwa na orodha rasmi ya heshima ya walimu wa kandanda, yenye masharti yanayojulikana na iliyowekwa mahali ambapo mtoto yeyote anaweza kuisoma. Tuzo za mwisho wa msimu ni jambo jema, lakini tuzo ya usiku mmoja haitoshi kuwa kumbukumbu.

Sisi tuliopitia chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani, kabla ya kuingia skuli ya Serikali, tunaikumbuka ada moja. Mwanafunzi alipohitimu msahafu, wazazi hawakumpongeza mtoto peke yake. Walimpelekea mwalimu haki yake, na mbele ya watu ikasemwa kuwa kijana huyu amesomeshwa na fulani, na fulani naye alisomeshwa na fulani. Elimu ilikuwa na nasaba. Hakuna aliyeiona ada ile kuwa ni anasa, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba mnyororo wa walimu ukikatika, elimu yenyewe hupotea.

Je, nasaba ya kandanda yetu imeandikwa wapi? Tuanze na mwaka 1979. Taifa lilikuwa ndiyo kwanza limetoka katika vita vya Kagera na hali ya uchumi ilikuwa ngumu. Mwezi Agosti mwaka huo Taifa Stars iliifunga Zambia bao 1–0 mjini Dar es Salaam, ikaenda Ndola na kutoka sare ya 1–1, na hivyo kufuzu kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizochezwa nchini Nigeria mwaka 1980. Timu ile ilikuwa mikononi mwa Slawomir Wolk kutoka Poland na kijana wetu Joel Bendera. Katika fainali ilifungwa na Nigeria 3–1 na Misri 2–1, ikatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast. Baada ya hapo tulingoja miaka 39 kabla ya kuziona tena fainali hizo, mwaka 2019 nchini Misri.

Ndugu Bendera baadaye alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, Naibu Waziri katika wizara yenye dhamana ya michezo, na Mkuu wa Mkoa wa Morogoro na kisha Manyara. Alifariki dunia mwezi Desemba 2017. Watumishi wa Serikali wanaosoma safu hii wanaujua ubao ambao kwa kawaida huwekwa katika ofisi za wakuu wa mikoa, wenye majina ya waliotangulia na miaka waliyotumikia. Kwa hiyo kumbukumbu ya Bendera kiongozi ina mahali pake. Kumbukumbu ya Bendera mwalimu wa kandanda, aliyejua namna kikosi kile kilivyochaguliwa, kilivyofundishwa na kilivyotunzwa katika mwaka wa dhiki, ilistahili ubao wa namna hiyo hiyo. Ofisi imeweza, kwa nini uwanja ushindwe?

Tumtazame pia Mzee Abdallah Kibadeni, mzaliwa wa Mbagala, Temeke. Wengi humkumbuka kwa mabao matatu aliyofunga tarehe 19 Julai 1977, siku Simba ilipoifunga Yanga 6–0. Lakini mwaka 1993, akiwa mwalimu, aliifikisha Simba katika fainali ya Kombe la CAF. Timu yake ilitoka sare ya 0–0 na Stella mjini Abidjan, kisha ikafungwa 2–0 nyumbani. Ilipita miaka 30 ndipo klabu nyingine ya Tanzania ilipofika fainali ya Afrika: Yanga mwaka 2023, chini ya Nasreddine Nabi wa Tunisia. Mwaka 2025 ikafuata Simba chini ya Fadlu Davids wa Afrika Kusini, na mchezo wa marudiano ulichezwa Amaan, Unguja. Katika fainali hizo tatu, ni moja tu iliyoongozwa na Mtanzania. Mzee Kibadeni hakuishia hapo. Alianzisha shule ya kandanda kwa ajili ya watoto huko Chanika, pembezoni mwa jiji. Mtu wa namna hii asisubiri kukumbukwa kwa sababu ya mabao ya ujana wake pekee.

Ndugu zetu wa Visiwani wana hoja yao, nayo ni nzito. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji nchini Uganda. Mwezi Desemba 2017, mwaka ule ule ambao Zanzibar ilipewa uanachama wa CAF mwezi Machi na kuvuliwa mwezi Julai, Zanzibar Heroes ilikwenda Kenya chini ya Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco. Iliifunga Tanzania Bara 2–1, ikafika fainali, na ikapoteza kwa penalti tu mbele ya wenyeji baada ya sare ya 2–2. Mwalimu huyo huyo alikabidhiwa Taifa Stars mwezi Januari 2024, timu ikiwa katikati ya mashindano Ivory Coast. Tarehe 19 Novemba 2024, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, iliifunga Guinea 1–0 na kufuzu fainali zilizofuata. Mwezi Agosti 2025 aliifikisha robo fainali ya michuano ya CHAN.

Mwezi Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali za Morocco, timu ilikabidhiwa Miguel Gamondi wa Argentina, nayo ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Hatuna nia ya kuupinga uamuzi ule. Kupanga walimu ni kazi ya wenye dhamana, na tunampongeza mgeni kwa alichofanya. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini historia iseme kweli yote: nyumba aliyoingia mgeni ilikuwa imejengwa na mwenyeji. Asipoandikwa leo, baada ya miaka 20 watoto watasoma jina moja tu.

Hapa pana kasoro ya utaratibu ambayo viongozi hawana budi kuitazama. Michezo si jambo la Muungano. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, hushughulikia Bara. Zanzibar ina baraza lake. Lakini Taifa Stars ni ya Watanzania wote. Mwalimu wa Kizanzibari aliyeifundisha Taifa Stars anaweza kuachwa na mabaraza yote mawili, kila moja likidhani kuwa jalada lake liko kwa mwenzake. Heshima ya mtu isipotee kati ya ofisi mbili.

Wengine wamelifanya jambo hili. Huko Marekani, ambako kandanda yao ni ya namna nyingine na ambako timu za vyuo zina wapenzi wengi mno, wana jumba maalumu la kuwaenzi wachezaji na walimu wa vyuo, ambalo leo liko Atlanta. Huingii kwa kujuana. Kuna masharti ya miaka ya kufundisha, idadi ya michezo na kiwango cha ushindi. Mmoja wa walioingia ni Eddie Robinson, Mmarekani mweusi aliyefundisha chuo kidogo cha Grambling, Louisiana, tangu mwaka 1941 hadi 1997. Alianza kazi katika enzi ambazo kijana mweusi hakuruhusiwa kusoma katika vyuo vya wazungu vya jimbo lake. Alimaliza akiwa na ushindi 408, na mwaka ule ule wa kustaafu jina lake likaingizwa katika jumba lile. Alikuwa na umri wa miaka 78. Alifariki mwaka 2007, kwa hiyo heshima yake aliiona kwa macho yake. Hilo ndilo la kuiga: kuandikwa kwa haki, na kuandikwa mapema.

Watakuwapo wa kusema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati isizungumzie majumba ya sifa. Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini hatuombi kasri. Tunaomba ubao, daftari na chumba. Wengine watakumbusha kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hiyo ni sifa ya ovyo, isiyo na kipimo. Sifa yenye masharti humfanya anayesifiwa ajichunge, na humwonyesha kijana anayechipukia njia ya kufuata.

Wala kipimo kisiwe vikombe pekee. Nenda Tandika, nenda Tandale, asubuhi ya Jumamosi. Utamkuta mtu mzima mwenye filimbi shingoni, matofali yamepangwa kuwa alama za uwanja, mpira mmoja na watoto 30, nusu yao pekupeku. Halipwi na mtu. Nauli ni yake, na mtoto akiumia, dawa hununuliwa kwa fedha zake. Hali ni hiyo hiyo kwa mwalimu wa skuli anayeandaa timu ya UMISSETA, na kwa mkufunzi wa chuo anayebaki uwanjani baada ya vipindi. Wachezaji wanaoshangiliwa Taifa Stars walipita kwanza mikononi mwa watu hawa. Orodha itakayowaacha nje itakuwa ni orodha ya paa lisilo na nguzo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mabaraza mawili ya michezo, pamoja na TFF na ZFF, yaunde kamati moja ya kutunga masharti ya orodha hii na kuyatangaza. Miaka ya utumishi, wachezaji waliokuzwa na mwenendo wa mwalimu vihesabiwe pamoja na ushindi.

Pili, majina yaanzie chini. Kila kata ya Kinondoni na Temeke, na kila shehia ya Unguja na Pemba, ipewe nafasi ya kupendekeza mwalimu wake, na baada ya hapo mikoa yote ifuate.

Tatu, kumbukumbu za wazee zikusanywe sasa. Chang'ombe, jirani na Uwanja wa Uhuru na Uwanja wa Benjamin Mkapa, pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilichoanzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa Chuo cha Ualimu. Wanafunzi wake wa historia wanaweza kuvuka barabara, wakaketi na wazee hawa, wakawaandika. Zanzibar ina chuo kikuu chake cha Taifa. Kifanye vivyo hivyo. Majina na miaka yawekwe ubaoni katika uwanja wa Temeke, Amaan na Gombani.

Nne, heshima iambatane na matunzo. Mwalimu atakayeingizwa katika orodha apewe bima ya afya ya maisha yake yote. Tumechoka kuhudhuria mazishi ambako kila msemaji anaahidi kumuenzi marehemu, na jamaa zake wanajua kuwa dawa zilichangiwa na majirani.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalohitaji sheria mpya au mkopo. Linalotakiwa ni viongozi wa pande mbili kuketi meza moja. Waketi mwaka huu, kwa maana kila mzee anayeondoka anaondoka na sehemu ya daftari ambalo bado hatujaliandika.