Mtambo wa upepo baharini ukigeuka, wimbi linaupiga wapi?

Msikilizaji wetu wa Kibosho au Marangu anaweza kuuliza: mitambo ya umeme inayoelea baharini inatuhusu nini sisi wa mlimani? Inatuhusu kwa sababu umeme hauishii mpakani. Gridi za Tanzania na Kenya zimeunganishwa kwa laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida kupitia Arusha. Mradi mkubwa ukikosewa hesabu, hasara humrudia mnunuzi wa umeme au mlipa kodi.

Mitambo hii ni ipi?

Mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, Kenya, imesimama nchi kavu, kama ile ya Mwenga kule Mufindi. Lakini penye bahari ya kina kirefu, kujenga msingi chini ni gharama kubwa mno. Hapo mnara huwekwa juu ya chombo kinachoelea, kikashikwa kwa minyororo na nanga. Shamba la kwanza la aina hiyo, Hywind Scotland, lilianza kazi mwaka 2017 likiwa na mitambo 5, jumla megawati 30.

Ugumu uko wapi?

Kabla ya kujenga, wahandisi hujaribu chombo ndani ya kompyuta, kwa programu kama OpenFAST ya Marekani. Programu husoma jedwali linaloonyesha wimbi la kila upande linasukuma kwa nguvu kiasi gani. Kila mvuvi anajua kuwa wimbi la mbele si sawa na la ubavuni.

Kwa muda mrefu hesabu hizo zilichukulia kwamba chombo hugeuka kidogo tu. Sasa kuna vyombo vinavyofungwa sehemu moja ili vizunguke vyenyewe kufuata upepo. Chombo kikigeuka nyuzi 90, wimbi lililokuwa likikipiga mbele sasa linakipiga ubavuni, ingawa lenyewe halijabadili njia. Jedwali lililopimwa kwa pande chache halina jibu la kuaminika hapo. Linapaswa kuwa na pande zote, nyuzi 360, tena kwa hatua ndogo ndogo.

Ni sawa na mgomba wenye mkungu mzito. Ukiuegemeza mti upande mmoja, siku upepo ukigeuka utaukuta chini.

Na pwani yetu?

Bahari ya Hindi ina kaskazi na kusi. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki, na ule wa kusi hutoka upande wa kusini. Mradi wa aina hii ukipangwa Mtwara au Mombasa, vipimo vya msimu mmoja vitaacha nusu ya mwaka nje ya hesabu.

Tuulize nini?

Turkana imetufundisha kwamba mtambo mzuri peke yake hautoshi. Ile mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kusafirisha umeme ilikamilika Septemba 2018, na Kenya ikalipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa ucheleweshaji huo.

Kwa hiyo mradi wa upepo ukitangazwa, wa nchi kavu au wa baharini, tuwaulize viongozi wetu maswali matatu. Vipimo vimechukuliwa misimu yote? Vimegusa pande zote? Na hesabu zikikosewa, mkataba unasema nani atalipa? Maswali hayo yaulizwe kabla ya kusaini.