Mtoto Akikataa Titi, Msikimbilie Chupa

Akina baba, msiuruke ukurasa huu mkidhani ni wa wanawake tu. Leo tuseme habari ya mtoto mchanga asiyenyonya vizuri. Jambo hili huwapata wengi, na likitendwa vibaya laweza kumwua mtoto kwa siku chache.

Tuanze na maziwa ya kwanza, yale mazito yenye rangi ya manjano. Wako watu wanaoyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu, kisha humpa mtoto maji au humlambisha samli mpaka yatoke maziwa meupe. Waulizeni wafugaji wa Endulen au Nainokanoka: ndama akikosa dang'a, huwaje? Watawajibu kwamba hudhoofika, na pengine hufa. Basi, ikiwa ndama hanyimwi, kwa nini mtoto wetu anyimwe? Maziwa hayo ndiyo kinga yake ya kwanza. Apewe titi katika saa ile ya kwanza ya kuzaliwa. Wala mama asiogope akiona ni machache, kwa maana tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo sana. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila mara chamtosha.

Sasa, mtoto akikataa titi, au akinyonya huku analia, au mama akiumia chuchu, mara nyingi sababu ni namna ya kumshika. Mama akae vizuri, mgongo wake ukiegemea kitu. Amgeuze mtoto mwili mzima, tumbo lake liguse tumbo la mama, shingo isipinde. Angoje mtoto afungue kinywa wazi, ndipo amlete kwenye titi. Asishike chuchu tu, bali aingize na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, na kidevu chake kiguse titi. Matiti yakijaa na kuwa magumu, mama ayakande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kukamua kidogo ili yalainike. Chuchu ikipasuka, aipake tone la maziwa yake mwenyewe. Lakini titi likiwa jekundu lenye maumivu, pamoja na homa, aende kwa mganga wa hospitali.

Hapo jirani atakuja na kusema, "Huyo ana kimeo, kikatwe." Au, "Ana meno ya plastiki, yang'olewe." Akina mama, msikubali! Kimeo ni kiungo cha koo ambacho kila mtu anacho. Na hayo yaitwayo meno ya plastiki ni meno ya kweli ya mtoto, ambayo hayajatoka kwenye ufizi. Kisu hakimfundishi mtoto kunyonya. Humletea kutoka damu, pepopunda na maradhi mengine, huku ugonjwa wenyewe ukibaki bila dawa.

Wengine hukimbilia chupa. Mama anakwenda kibarua katika mashamba ya vitunguu huko Mang'ola, au kuchuma kahawa Oldeani, naye mtoto anabaki na dada yake mdogo na chupa ya maziwa. Chuchu ya mpira ni shida kuisafisha. Mabaki ya maziwa hujificha ndani yake, na humo vijidudu vya kuhara huzaliana. Tena mtoto aliyezoea mpira pengine hulikataa titi. Maziwa ya kopo ni ghali, na mwenye fedha kidogo huongeza maji ili yadumu, mtoto akakonda huku anashiba maji. Maziwa ya ng'ombe nayo hayamfai mtoto wa chini ya miezi sita. Kwa ajili ya hatari hizi, mwaka 1981 mataifa ya Shirika la Afya Duniani yalipatana kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo, na Tanzania ikaweka kanuni zake mwaka 1994.

Je, mama afanyeje? Atumie kikombe. Kabla ya kuondoka anawe mikono kwa sabuni, akamue maziwa yake katika kikombe kilichochemshwa, akifunike na kukiweka mahali pa baridi. Yatumike kabla ya saa nne kupita. Anayemlisha amkalishe mtoto wima mapajani, aguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe, na kumwacha alambe mwenyewe. Asimmiminie, maana atapaliwa. Kikombe huoshwa kwa urahisi kuliko chupa. Njia hii huwasaidia pia watoto wenye mdomo wa sungura na waliozaliwa kabla ya wakati.

Mtoto mdogo sana huhitaji pia joto, hasa huku kwetu, ambako ukungu wa kreta huleta baridi kali. Mama amfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumfunika kwa khanga na blanketi. Waganga wa Bogotá, katika nchi ya Colombia, walianza kuifuata njia hii mwaka 1978, nayo imewaokoa watoto wengi. Baba naye aweza kumbeba hivyo wakati mama anapopumzika.

Mtajuaje kama mtoto anashiba? Hunyonya mara nane au zaidi usiku na mchana, na kuanzia siku ya sita hukojoa walau mara sita kwa siku. Lakini akiacha kunyonya kabisa, akilegea na kulala bila kuamka, mwili ukiwa wa moto au wa baridi, akihema mbio au akishikwa na degedege, msingoje kesho. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile.

Na wewe baba, maziwa ya mama hupungua akichoka na kuhangaika. Mwezi huu wa kwanza teka wewe maji, pasua wewe kuni, naye apate nafasi ya kumnyonyesha mtoto wenu kwa utulivu.