Fyuzi Ikiungua, Tusiinyamazishe



Alasiri za Ramadhani, futari ikiwa jikoni, mara birika la umeme hunyamaza. Mmoja wetu hufungua plagi, akakuta fyuzi imeungua, akaizungushia karatasi ya pakiti ya sigara au kipande cha waya. Birika likachemka, nasi tukashukuru. Kumbe hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Fyuzi ni uzi mwembamba wa waya uliofungwa ndani ya kijibomba kidogo. Umeme wote uendao kwenye chombo hupita humo. Ukizidi kiasi, uzi hupata joto, ukayeyuka, na njia ikakatika. Tujue pia kwamba umeme ukizidi maradufu, joto huzidi mara nne. Kwa hivyo fyuzi huumbwa iwe dhaifu kuliko vyote, ife yeye ili vingine visalimike. Tukiweka waya mnene mahali pake, hautayeyuka. Zitakazoungua ni nyaya zilizomo ukutani, ambako macho yetu hayafiki.

Nasi wakazi wa Mji wa Kale tuna sababu zaidi ya kuhadhari. Nyumba zetu za Kibokoni na Kuze zina boriti za mikoko na roshani za mbao, na vichochoro vyetu vingi havipitishi gari la zimamoto. Moto wa nyumba moja ni msiba wa mtaa mzima, na jirani ana haki juu yetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusome wati zilizoandikwa kwenye chombo, tuzigawanye kwa volti 240. Birika la wati 3,000 latumia ampea 12.5, hivyo lastahili fyuzi ya ampea 13. Taa ya mezani, na vyombo vingi visivyozidi wati 700, fyuzi ya ampea 3 yatosha. Pili, tusiunganishe pasi, birika na jiko katika soketi moja. Tatu, fyuzi mpya ikiungua tena, chombo kina kasoro: tukichomoe, tumwite fundi. Na la nne, tusidhani kuwa fyuzi humkinga mtu asipigwe na umeme; kazi hiyo yahitaji waya wa ardhini ulio mzima na vifaa vyengine vya kinga.

Mtume wetu (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, akatueleza kuwa moto ni adui yetu. Zama zile moto ulikuwa wa taa na wa kuni. Leo wapita ukutani usiku kucha, bila ya mwanga wala moshi. Fyuzi ndiyo mlinzi aliye macho tunapolala. Bei yake ni ndogo mno, ilhali nyumba na watoto ni amana tutakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.